Uzi maalumu: Mgambo wa jiji, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi:
Wakuu, habari za asubuhi. Juzi nimemwona mama mmoja stendi. Beseni lake la ndizi limetupwa kwenye karandinga, ndizi zimebondeka, anauliza faini ni shilingi ngapi na hakuna anayemjibu. Nimeumia sana. Mgambo habebi bunduki, ana rungu tu, lakini ndiye halmashauri tunayokutana nayo kila siku kuliko diwani, kuliko mkurugenzi. Aliyekamatwa, aliyesaidiwa, aliyeifanya kazi yenyewe, aje atueleze.

Mama Karai:
Mimi nakaanga mihogo. Zamani ukisikia "wanakuja!" unakunja turubai, mbio. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya elfu 20, changu nilikivaa shingoni hata nikiwa jikoni. Mgambo akikiona anapita. Mwaka 2021 tukaambiwa tutoke barabarani, kitambulisho kisitusaidie tena. Siku ile kijana mmoja wa mgambo alinibebea jiko hadi eneo jipya, akarudi kufuata benchi. Mungu ambariki. Ila wateja wangu walibaki kulekule.

Pwani254:
Huku Kenya tunawaita kanjo. Wenye sare hawanitishi. Shida ni wale wa nguo za kiraia: mtu anakushika mkono ghafla, utajuaje kama ni askari au mwizi? Mimi siku hizi nasema, "Kitambulisho kwanza, kaka." Mmoja alitoa, mwingine aliniachia akaenda zake.

Kwata Mstaafu:
Nimeifanya miaka sita. Mafunzo ya mgambo nilipita: kwata, shabaha, ukakamavu. Sheria ndogo za halmashauri hakuna aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipewa rungu, nikaambiwa panda gari. Nilizisoma mwenyewe baadaye, nikaona aibu kwa niliyokwisha kuyafanya. Nikanunua daftari: jina, mzigo, saa, mwenye mali anatia saini. Kelele zilipungua sana, maana mtu akiona mzigo wake umeandikwa anajua ataupata wapi.

Mwanzisha uzi:
Asante mkuu. Na mzigo unaooza, kama ndizi za yule mama?

Kwata Mstaafu:
Huo haungoji kesho. Nilikuwa namwambia mwenyewe apande nao, aupakate. Tunafika ofisini pamoja, analipa, anapewa stakabadhi, anashuka na beseni lake.