Mikopo ya kwenye simu imenimaliza na kadi ya benki anayo mtu, nianzie wapi?

Mama Wawili, Mbagala
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimefika mahali silali. Mimi ni keshia duka la vifaa vya ujenzi, mshahara 420,000 unaingia benki tarehe 28, mume wangu anaendesha boda ya hesabu, akishatoa 10,000 ya bosi na mafuta kinachobaki ni kidogo, watoto wawili.

Ilianza mtoto alipougua taifodi, hela hamna ndani, nikaona tangazo mkopo bila dhamana dakika tano tu. Nikaomba 50,000 ikaingia 37,500, kumbe ada wanakata hukohuko mwanzoni na baada ya siku saba wanataka 50,000 yao kamili. Siku ya saba sina, nikapakua apu nyingine ili nilipe ile ya kwanza, halafu nyingine, mpaka sasa ziko tano. Nikijumlisha nilichokishika mkononi kwenye hizo tano ni 310,000, wao wananidai 545,000 na kila kukicha inapanda.

Hapo bado kausha damu wa mtaani, nilichukua 200,000 riba asilimia 30 kwa mwezi na kadi yangu ya benki na namba ya siri anazo yeye. Mshahara ukiingia tunaongozana mpaka kwenye mashine, anatoa 60,000 yake, mimi natoa iliyobaki, kadi inarudi kwenye pochi yake. Nimeshamlipa hivyo mara nne, 240,000 hiyo, na bado ananidai 200,000 ileile.

Jumapili mama mkwe kanipigia kutoka Korogwe ananisomea meseji aliyotumiwa na hao wa apu, neno kwa neno, "mjulishe huyu ni tapeli amekimbia na fedha zetu", akaniuliza mwanangu hili si jina lako? Nikamjibu mama wamekosea namba. Mume hajui kitu. Bosi naye namba yake imo kwenye simu yangu na mimi ndiye nashika droo ya hela.

Kijana wa Tandika
Badili laini, futa hizo apu, maisha yaendelee. Watakupata wapi?

Binti Handeni
@Kijana wa Tandika usimpoteze mwenzio. Laini inasajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, na majina yote ya kwenye simu walishayabeba siku ile alipobonyeza kukubali, kufuta apu leo hakuyarudishi. Mimi nilibadili laini nikapumzika wiki moja tu, wakahamia kwa dada yangu na kwa mchungaji.

Mdogo wangu pole sana. Leo mumeo akirudi mwambie, mpe namba zote bila kupunguza hata moja, maana mama mkwe keshaisoma meseji na atazungumza na mwanae tu. Wangu alikuja kusikia kwa watu, hela alinisamehe siku ileile, ule uongo ndio ulichukua mwaka. Na bosi mwahi kabla hajatumiwa, mwambie nina deni binafsi watu wanatuma meseji za kunidhalilisha, naomba tuhesabu droo pamoja leo uone iko sawa. Na kuanzia sasa usikope popote ili ulipe pengine, hata wakikuletea ofa saa sita usiku.

Afisa Mikopo wa Zamani
Nimefanya kazi hizi miaka mingi kwa hiyo nisikilize vizuri dada. Kesho asubuhi nenda tawini na kitambulisho, waambie kadi yako ipo kwa mtu mwingine na namba ya siri anaijua, waifunge wakupe nyingine. Hakuna benki inayoruhusu umpe mtu namba yako ya siri. Usisubiri tarehe 28.

Huyo wa mtaani muulize leseni. Mkopeshaji yuko daraja la pili, la wanaokopesha bila kupokea amana, kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anatakiwa awe na leseni ya BoT, yaani Benki Kuu, na ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 200,000 hiyo ni 7,000, wewe umekuwa unatoa 60,000! Nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa na daftari lako la malipo, iandikwe kila shilingi uliyotoa na mkubaliane kilichobaki.

Hizo apu, Novemba 2024 BoT walitangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, angalia zako zimo ngapi. Yenye leseni iandikie uombe kulipa kwa awamu, jibu lije kwa maandishi, wakikugomea peleka dawati la malalamiko BoT. Meseji za kwa mama mkwe piga skrinshoti zote zikiwa na namba na tarehe, taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume inayopokea malalamiko hayo. Ila hela uliyoishika ile 310,000 panga kuirudisha, usije ukadhani imefutika.

Mama Ntilie Temeke
Mimi nasemea ndani ya nyumba. Hela ya boda ya kila siku iwe ya mboga, mkaa na luku, mshahara usiguse vitu hivyo kabisa, wenyewe uende kodi, kiroba cha unga na madeni. Wengi wetu tunapima unga kilo moja moja dukani kwa Mangi na daftari la mkopo juu, mwisho wa mwezi hujui umekula nini. Na tafuta kikoba chenye mfuko wa jamii, mtoto akiumwa unapewa siku hiyohiyo, maana kilichokuingiza huko ni taifodi. Mikopo ya halmashauri ya akina mama haina riba kweli lakini ni ya kikundi chenye biashara, usiende kuomba ukalipie madeni.

Mama Wawili, Mbagala
Nimerudi wapendwa. Nilimwambia juzi usiku nje, kakaa juu ya boda kaizima, hakusema kitu muda mrefu, halafu akasema lete simu tuhesabu. Tumehesabu mpaka saa saba. Kadi imefungwa jana. Yule wa mtaani alikuja na kelele mpaka majirani wakatoka, tukaenda kwa mwenyekiti, alipoulizwa leseni akapoa, kakubali 80,000 kwa miezi miwili na tumesaini. Apu tatu kati ya tano zimo kwenye ile orodha, moja yenye leseni imekubali awamu nne, ya tano haijajibu. Bosi kanielewa ila droo sasa tunahesabu wawili kila jioni, sawa tu.

Kilichobaki ni mama mkwe. Nilimwambia wamekosea namba. Nawaza nimpigie Ijumaa.

Binti Handeni
Mpigie leo, kabla ya magharibi.