Darubini inayovuta bila lenzi kusogea, inawezekana?

FundiLenzi_Msa:
Wadau, salaam. Natengeneza kamera na darubini hapa Mombasa. Kazi inayonijia sana ni pete ya kuvuta (ya kukuza picha, yaani zoom) iliyokwama: chumvi na mchanga vimeingia kwenye hesi, grisi imekauka, lenzi za ndani zimekaa upande. Hivi hakuna namna ya kuvuta bila lenzi kutembea? Nasikia kuna lenzi za maji.

Mwl_Fizikia:
Zipo, fundi. Chukua bomba la milimita 300 lenye lenzi mbili. Lenzi ya mbele ikiwa na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana) wa milimita 200 na ya jichoni 100, unaona mara 2. Ya mbele ikifika 240 na ya jichoni ikashuka hadi 60, unaona mara 4. Jumlisha: bado ni 300, na hakuna lenzi iliyotoka mahali pake! Ila lazima zibadilike pamoja, ya mbele ikipungua uvimbe, ya jichoni ivimbe zaidi. Ukigusa moja tu, picha inapoteza ukali.

Hiyo ya maji ina maji na mafuta ndani ya kichupa kidogo. Ukiongeza volti, mpaka kati yao unajipinda. Mfaransa Bruno Berge ndiye aliyeifanyia kazi hadi ikaingia sokoni. Marekani nako, maabara ya Sandia walitengeneza darubini ya bunduki yenye lenzi za plastiki laini zilizojazwa kimiminika. Unabonyeza kitufe, inavuta.

Baharia77:
Mbona madukani hatuzioni?

Mwl_Fizikia:
Upana, ndugu yangu. Lenzi za volti kwa kawaida ni za milimita chache. Ukizipanua, uzito wa kimiminika unaharibu umbo, ndiyo maana maji na mafuta hulinganishwa uzito. Na upana ndio uwezo wa darubini: tundu la mbele la milimita 70 hutenganisha nyota mbili zilizoachana sekunde 1.7 za tao (kipimo cha pembe: digrii moja ina sekunde 3600). La milimita 5, sekunde 23. Kuvuta hakuongezi hata chembe hapo. Mimi ningeacha kioo kikubwa mbele, lenzi za kimiminika nikaziweka nyuma, ambako miale imeshabanwa ikawa myembamba.

FundiLenzi_Msa:
Hapo umenifungua, mwalimu. Bomba lisilo na pete ya kuvuta naliziba kabisa na kulijaza naitrojeni, kama darubini za baharini. Chumvi itapitia wapi? Nianze na lenzi za upana gani kwa majaribio?