Tupeane uzoefu: Ulimpataje mtaalamu wa ustawi wa jamii anayepokea Medicaid au Medicare?

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kumtafuta mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutoa tiba ya maongezi, na ambaye anapokea bima ya afya ya serikali, yaani Medicaid (ya watu wenye kipato kidogo) au Medicare (hasa ya wenye miaka 65 na zaidi). Naanza mimi. Nilikuwa namtafutia mdogo wangu, mjane mwenye Medicaid, na ofisi kadhaa za binafsi zilikubali kwa moyo mkunjufu hadi nilipotaja jina la kampuni lililo kwenye kadi yake. Katika majimbo mengi, Medicaid huendeshwa na kampuni za bima zilizoingia mkataba na jimbo, na kila kampuni ina orodha yake ya watoa huduma; kwa hiyo mtaalamu huyohuyo anaweza kumpokea jirani yako na asikupokee wewe, ingawa nyote mna Medicaid. Siku hizi nauliza mambo mawili kwa pamoja: kama wanapokea mpango ulioandikwa kwenye kadi, na kama wana nafasi kwa mgonjwa mpya. La pili lina uzito mkubwa, kwa sababu orodha za mtandaoni hubakiza majina ya watu waliohama au waliokwisha kufunga milango kwa wagonjwa wapya, na mtu aliyefiwa hana nguvu za kupiga simu zisizo na mwisho. Mdogo wangu alihudumiwa hatimaye katika kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu. Vituo vya aina hiyo hupokea Medicaid, na asiye na bima hupunguziwa malipo kulingana na kipato chake. Ningewashauri wote waanzie huko.

Mstaafu:
Ahsante kwa kufungua mada hii. Mimi natumia Medicare ya kawaida, ambayo Sehemu B yake (inayohusu matibabu ya nje ya kulazwa) hulipa asilimia 80 ya gharama iliyoidhinishwa baada ya mgonjwa kutimiza kiwango anachopaswa kujilipia kwanza kila mwaka, nami namalizia asilimia 20. Medicare humlipa mtaalamu wa ustawi wa jamii asilimia 75 tu ya kiwango cha mwanasaikolojia, jambo ambalo naliona si la haki kwao wala kwetu, maana wengine hujitoa kwenye Medicare. Ukikubali kutibiwa na aliyejitoa rasmi, gharama yote ni yako, kwa hiyo ulizeni mapema. Tangu Januari 2024 Medicare inawalipa pia washauri wa afya ya akili na wataalamu wa tiba ya ndoa na familia. Mimi nilipokosa nafasi kwa mtaalamu wa ustawi wa jamii, nilihudumiwa vizuri na mmoja wa hao.

Mama wa Wawili:
Kwa wenye watoto: mtoto mwenye Medicaid aliye chini ya miaka 21 ana haki ya kulipiwa tiba ya afya ya akili inayoonekana kuwa ya lazima. Dai haki ya mkalimani pia, ambaye hutolewa bila malipo. Msikubali mtoto awatafsirie wazazi mambo mazito ya nyumbani.

Sisi kikwazo kilikuwa foleni. Kila aliyekuwa kwenye orodha ya kampuni yetu alikuwa amejaza nafasi, nami nikaambiwa nisubiri. Rafiki aliyefanya kazi hospitali akanieleza kwamba, kwa kanuni za serikali kuu, kampuni inayosimamia Medicaid ikishindwa kutoa huduma inayotakiwa ndani ya orodha yake, inapaswa kuigharimia kwa mtaalamu wa nje kwa wakati unaofaa. Niliandika barua, nikaambatanisha majina ya wote waliotukataa pamoja na tarehe nilizowapigia, nikaomba nijibiwe kwa maandishi. Kampuni iliidhinisha mtaalamu wa nje, na binti yangu bado anaendelea naye.