Mafao ya ulemavu yamekataliwa, mgongo hauniruhusu kushika usukani. Rufaa naikataje?

Msukani wa Ngaramtoni
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, miaka 14 kwenye Land Cruiser. Anayeijua barabara ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti, rasta (vituta vya kutikisa gari) mwanzo mwisho, hatashangaa mgongo wangu ulipofikia. Picha ya MRI inaonyesha diski mbili za kiunoni zimetoka na zinabana neva. Nikikaa dakika 20, mguu wa kushoto unawaka moto hadi kisigino. Likizo ya ugonjwa nimeimaliza yote, zile siku 63 za mshahara kamili na 63 za nusu.

Niliomba mafao ya ulemavu kwenye mfuko ninaochangia, nikaitwa mbele ya jopo la madaktari. Siku hiyo nikameza dawa mbili za maumivu, nikavaa shati la kanisani nisionekane mzembe. Daktari akasema inama, nikainama. Akauliza nimefikaje. Nikasema kwa daladala. Akaandika. Siku tatu zilizofuata mke wangu ndiye aliyenivalisha soksi, ila hilo hakuna aliyeliuliza.

Juzi nimepokea barua: sijapoteza uwezo wa kufanya kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Mwenye uelewa anisaidie.

Kibosho Juu
Pole mkuu. Ila ukishapita 40 mgongo unamuuma kila mtu. Panda parachichi, achana na makaratasi.

Mama Wawili
@Kibosho Juu, na mashimo ya hiyo miparachichi unakuja kuchimba wewe?

Kaka, pole sana. Mimi nilikuwa shamba la maua, mikono ikaharibika kwa baridi yabisi. Mara ya kwanza nilikataliwa, ya pili nikapita, na ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni barua ya daktari. Ya kwanza ilitaja jina la ugonjwa, basi. Ya pili ikasema hawezi kushika mkasi zaidi ya dakika 10, ametibiwa miaka mitatu kwa dawa hizi na hizi, nafuu haitarajiwi. Wale hawakuulizi unaumwa nini, wanakuuliza umebakiwa na nguvu gani ya kutafuta riziki.

Rudi kwa daktari wako wa mifupa, umweleze kazi yako ilivyo: masaa kumi kwenye usukani, kubadilisha tairi porini, kupandisha mizigo ya wageni. Asipoambiwa atajuaje? Mtu wa fiziotherapia naye akupime aandike. Halafu anza daftari leo. Andika na siku nzuri pia. Daftari lenye mateso matupu hakuna atakayeliamini.

Mtu wa Makaratasi
Barua umeipokea tarehe ngapi? Siku za rufaa zina mwisho, soma barua hiyo mstari kwa mstari na utunze hata bahasha. Omba kwa maandishi taarifa kamili ya jopo, vinginevyo utapinga kitu usichokijua. Na rufaa ijibu sababu waliyoitoa wao. Kurasa nne za machozi hazisomwi.

Jingine: mfuko wa pensheni na WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ni milango miwili tofauti. WCF huchangiwa na mwajiri peke yake, hulipa fidia ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Sheria yake, Sura 263, inatoa miezi 12 ya kutoa taarifa tangu ajali itokee au ugonjwa ugundulike. MRI yako ni ya lini? Na umeachishwa kazi? Maana kupinga kuachishwa mbele ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni ndani ya siku 30 tu.

Wakili akikushinda bei, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wana ofisi Arusha, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria tangu 2017.

Msukani wa Ngaramtoni
Asanteni sana. MRI ina miezi minane. Sijaachishwa, niko likizo bila malipo. Hiyo ya WCF bosi hajawahi kuitamka, kesho namfuata.

Kuhusu daladala: nilishika bomba njia nzima na viti vipo, maana kukaa ndiko kunakoniua. Konda akadhani nataka kuruka na nauli.

Mama Wawili
Hilo la bomba liandike kwenye rufaa hivyohivyo ulivyolisema hapa. Wakikuita tena nenda na wifi, soksi anazijua yeye. Dawa usiache kumeza, ila waambie umemeza ngapi na saa ngapi kabla hawajakuinamisha.