Kujifungua Dar: serikalini au binafsi? Waliopitia naombeni mchanganuo

Baba Kijacho
Habari za jioni wakuu. Mke wangu ana wiki 31, mimba ya kwanza, tunakaa Tabata. Bima hatuna, mimi ni fundi wa aluminiamu, nimejiajiri. Kando nimeweka laki tisa. Mama mkwe anataka binafsi. Mama yangu anasema watoto sita kazaa hospitali ya serikali ya Amana na wote tupo, kelele za nini?

Binafsi moja nimeuliza: kawaida laki saba, kisu (upasuaji) milioni mbili na laki mbili. Serikalini nikajibiwa "ni bure, ila uje na vifaa." Hiyo "ila" ndiyo inaninyima usingizi. Inabeba shilingi ngapi?

Mama Wawili
Hongera baba. Mimi nimeonja kote kuwili.

Wa kwanza nilimzaa hospitali ya rufaa ya mkoa. Glovu, pamba, mpira wa kutandika, kibanio cha kitovu, wembe, sindano, dripu: duka la dawa nililipa kama elfu hamsini na tano. Khanga ulizonazo zote beba, usihesabu. Chai, uji na supu vilitoka nyumbani, na bodaboda ya mdogo wangu kwenda na kurudi siku tatu ilikula zaidi ya vifaa vyenyewe. Kitandani tulilala akina mama wawili.

Wa pili binafsi. Niliambiwa laki sita, nikatoka na bili ya milioni moja na arobaini elfu, na nilizaa kawaida! Kitanda siku ya pili, daktari wa watoto, vipimo, hadi nepi walizoninunulia wenyewe. Kwa hiyo usiulize "bei gani", uliza "bei hiyo inaishia wapi".

Nesi wa Zamu
Mkuu, Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Hiyo "ila" inatokana na vifaa kuisha stoo, basi mzigo unakuangukia wewe. Vinunue mapema mchana, maana saa nane usiku duka la jirani na geti la hospitali litakuuzia litakavyo.

Ukiambiwa ulipie kitu chochote serikalini, dai kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali. Pesa inayotakiwa mkononi si bili, hata aliyeiomba awe kavaa koti jeupe. Na mkikwama kweli, kuna dawati la ustawi wa jamii. Watu wanaona aibu kwenda, lakini misamaha inatokea pale.

Msikimbilie Muhimbili, hospitali ya taifa, moja kwa moja. Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, likitokea la kutokea mnapewa rufaa.

Mtu wa Pugu
Nesi kasema vizuri, ila ya kwangu ilikuwa hivi. Mwaka juzi tulienda binafsi, jina nalihifadhi. Mke akashikwa na uchungu wiki ya 33, kisu, mtoto njiti. Kisu nilikuwa nimejiandaa nacho. Njiti sikuwa nimejiandaa. Kila siku oksijeni, kila siku joto, kila siku daktari, na kila asubuhi karani ananipigia niongeze pesa ya kutanguliza. Siku ya tano nilikuwa nimeuza pikipiki. Siku ya sita wakatuandikia rufaa ya kwenda... serikalini. Huko mtoto alikaa wiki tatu, mama anamweka kifuani ngozi kwa ngozi, na jumla nilitumia chini ya nilichokuwa nalipa binafsi kwa siku mbili.

Sisemi binafsi ni wabaya. Manesi walikuwa na lugha nzuri na mke alilala peke yake. Nasema laki tisa yako ni ya binafsi endapo mambo yote yatanyooka.

Kanda ya Ziwa
Mnasahau misheni. Huku Mwanza Bugando ni ya Kanisa Katoliki na ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, kama ilivyo KCMC kwa kanda ya kaskazini kule Moshi. Wilaya nyingine hospitali teule, yaani inayotumika kama ya wilaya, ni ya kanisa. Bei inakaa katikati. Dar ni juu yenu kutafuta.

Mvita Original
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 (yetu, si ile yenu, majina yalifanana tu). Asiye na mwajiri halipi chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na hutakiwa atoe ya mwaka mzima. SHA hulipia uzazi wa kawaida 10,000 za huku, upasuaji 30,000. Ukienda binafsi, kinachozidi hapo wajijua mwenyewe.

Mama Wawili
Na sisi sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Novemba 2023. Ila tumbo la wiki 31 halisubiri, baba. Nunua glovu.

Baba Kijacho
Nimewasoma wote, shukrani sana. Kesho nanunua vifaa, kliniki tunaendelea palepale, na laki tisa haiguswi mpaka mtoto alie. Kisu kikiitwa, nitakuwa na cha kushika.

Mtu wa Pugu, njiti anaendeleaje?

Mtu wa Pugu
Anavunja rimoti, mkuu. Ya pili hii.