Mrejesho: mtoto anayezama miguu akielea chali
Niliuliza kwa nini mtoto akilala chali ziwani, huku Mwanza, miguu inazama. Asanteni, ilikuwa kichwa: akikiinua atazame vidole, kiuno kinashuka. Sasa masikio yako majini, kidevu juu, kifua kimejaa hewa. Pumzi hutoka kidogo, huvutwa haraka. Mikono ikinyooshwa nyuma ya kichwa, miguu hupanda yenyewe. Miguu ikining'inia kidogo si neno, mradi mdomo uko nje (maji ya ziwa hayana chumvi, hayabebi kama bahari). Kujigeuza kutoka kifudifudi bado kunasumbua. Penye magugu tumehama, kwa kuogopa kichocho. Mtu mzima anashika dumu la kumrushia mtoto akizidiwa, la lita 5, lenye kamba na kifuniko kilichokazwa, maji kidogo ndani ili lirushike mbali.