Kukatwa kodi zaidi Uingereza, sasa niko Unguja

Mkunazini: Asalaam alaikum wakubwa. Kazini Uingereza niliwekewa msimbo wa kodi BR mwaka mzima: mshahara pauni 15,000, kodi 3,000. Nishahama moja kwa moja. Nazidai vipi?

Wete: Waalaikum salaam ndugu yangu. BR hukata 20% tangu pauni ya mwanzo. Ni msimbo wa kazi ya pili. Kwa 1257L, msimbo wa kawaida, pauni 12,570 haziguswi, ungelikatwa 486 tu. Chako 2,514, usiziwache! Jaza fomu P85 (ya wanaohama Uingereza) ya HMRC, mamlaka ya kodi ya kule, utie sehemu ya 2 na ya 3 za P45, karatasi uliyopewa na mwajiri ulipoacha kazi.

Forodhani: Ukomo miaka 4 tangu mwaka wa kodi kwisha: wa 2022/23 ni 5 Aprili 2027. Hundi ya pauni huku usumbufu mtupu. Mtaje kwenye P85 jamaa mwenye akaunti kule akupokelee.